Sampuli Tano za Mama Fomu

"Hata upasuke, sitii sahihi," alisema Mama Fomu, akaisukuma kalamu hadi ukingoni mwa meza kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Sababu?" aliuliza Meneja wa Uzalishaji. Hakuwa amekaa. Mtu huyo hakukaa kwenye ofisi ya mwenzake hata siku moja. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ili ukimuudhi aondoke na ukimpendeza aondoke vilevile.

"Sijui."

"Hujui!" Meneja akamgeukia Wakili, aliyekuwa amejificha nyuma ya kompyuta yake. "Umesikia mwenyewe? Malori mawili yako uwanjani tangu saa moja asubuhi. Chupa elfu moja na mia mbili za hospitali. Na mtu wetu wa kanuni anazuia mzigo kwa sababu hajui."

"Nimesikia," alisema Wakili.

"Mama, vipimo si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima."

"Vikasemaje?"

"Zimepita zote."

"Zimepita zote! Sasa unataka nini? Zipite na ngoma?"

"Nataka kuelewa hizi." Mama Fomu akapiga kiganja juu ya rundo la bahasha. "Barua kumi na moja kwa mwezi mmoja, na zote zinaimba wimbo mmoja: mkono wa chupa umekatika. Hawa watu hawajuani. Hawakukaa kikao wakakubaliana kutuonea."

"Watu wanabeba chupa ya chai kama wanabeba ndoo ya maji."

"Huyu alikuwa anamimina chai. Ameungua paja."

"Alikuwa anaitikisa."

"Ulikuwapo?"

"Na wewe ulikuwapo?"

"Jamani," Wakili aliingilia, mikono juu. "Kwanza kabisa, tusiseme 'imekatika'. Na kwenye barua pepe msiandike 'kasoro'. Andikeni 'hali iliyoripotiwa na mteja'."

Mama Fomu akamtazama. "Paja lililoungua ni hali iliyoripotiwa?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Na baadaye?"

"Baadaye inategemea."

Meneja akachungulia saa yake. "Mimi sina baadaye. Saa kumi kamili nitarudi hapa. Nikute sahihi, au nikute sababu. Moja kati ya hayo mawili, na 'sijui' haimo ndani yake." Akautoa mguu uliokuwa ndani, akaenda zake.

Kampuni ilitengeneza chupa za chai, zile zenye plastiki nje na kioo ndani, na mkono wa kushikia pembeni. Hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Kitengo cha Sheria na Uzingatiaji kilikuwa na watu wawili na dirisha moja. Wakili alikaa upande wa dirisha na mikataba yake. Mama Fomu alikaa upande wa kabati. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mzigo unaotoka getini kabla haujapimwa kama viwango vinavyotaka. Hilo neno "uzingatiaji" liliwashinda watu wa kiwandani kulitamka tangu wiki ya kwanza, wakaona bora wamwite Mama Fomu, jina likaganda. Hakulichukia. Angalau lilisema ukweli.

Kipimo chenyewe alikianzisha yeye. Kabla hajaja, chupa zilikuwa zikitoka kwa kutazamwa usoni tu. Alidai chumba, akapewa stoo ya mafagio. Akaitia ndoano tano ukutani, akanunuliwa mizani na mawe ya kupimia. Kila toleo la siku, chupa tano zililetwa kutoka mashineni. Zikajazwa maji ya moto, zikatundikwa ndoanoni kwa mikono ya chupa, na chini ya kila moja likafungwa jiwe la kilo tano. Saa nzima. Ikikatika hata moja, mzigo hautoki. Kwa miaka miwili haijakatika hata moja, na Mama Fomu alikuwa akijisifu kimoyomoyo kwamba kiwanda kimenyooka tangu alipokishika sikio.

Sasa kiwanda kimenyooka, na watu wanaungua mapaja. Hapo ndipo akili ilipomgoma.

"Labda ndoano zako zina huruma," alisema Wakili, akijaribu kumchekesha.

"Labda wewe huna kazi ya kufanya."

Simu yake ikalia. Mama mkwe. Mama mkwe hakuwa mtu wa kupiga simu mchana kuuliza hali. Alikuwa amekwenda kukaa kwa bintiye, wifi yake Mama Fomu, na akipiga kutoka kule ni kushtaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi hiyo kampuni yenu mnatengeneza chupa au mnatega panya?"

"Kumetokea nini, mama?"

"Chupa ya wifi yako imeniachia mkono. Nimebaki na mkono wa chupa mkononi, chupa yenyewe chini, zulia limekunywa chai yote. Mgeni amekaa pale ananitazama kama mimi ndiye niliyeivunja."

"Umeungua?"

"Ningeungua ungeniuliza? Ungesikia kwa majirani. Lakini nikuulize wewe uliyesoma: ile ya nyumbani kwako naimimina mwaka wa pili huu, naiinua kwa vidole viwili, haijawahi hata kulia. Hii ya wifi yako haina miezi miwili. Mnawapa watoto wenu nyama na wa wenzenu mifupa?"

Mama Fomu akakaa wima. Ile chupa ya nyumbani ilitoka kwenye stoo yake ya ndoano. Chupa zilizokwisha kupimwa haziuzwi tena, hugawiwa wafanyakazi. "Mama, igeuze hiyo iliyovunjika. Kitakoni pana namba. Nisomee."

"Sina miwani."

"Mpe wifi."

Kukawa na purukushani, na sauti ya wifi ikilalamika kwamba yeye si karani, kisha namba ikasomwa. Mama Fomu akafungua daftari lake la vipimo, akapitisha kidole. Toleo hilo lilikuwamo. Sampuli tano, tano zimepita. Sahihi yake ilikuwa imekaa pale pembeni, nzuri, imepinda mkia kama alivyozoea.

"Mama," alisema polepole, "hiyo chupa ilipita."

"Ilipita wapi? Imepita kwenye zulia!"

Alipoikata simu alibaki ameshika tama. Chupa za siku moja, mashine moja, plastiki ya gunia moja. Za kwake zinabeba mawe, za wengine hazibebi chai. Akakagua mizani. Mizani ilikuwa sawa. Akapima mawe upya, moja moja, akijishuku kwamba pengine miaka yote alitundika kilo mbili akidhani tano. Yalikuwa kilo tano, na moja lilizidi kidogo. Akayachunguza maji, yalichemka kama maji mengine yote ya duniani.

Mwishowe akachukua mkoba, akavuka barabara hadi duka la vyombo lililotazamana na geti, akavigeuza vitako vya chupa rafuni hadi muuzaji akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Natafuta namba."

"Ya simu?"

"Ya chupa. Nipe hizi sita."

"Sita? Una harusi?"

"Nina ugomvi," alisema Mama Fomu.

Zote sita zilikuwa za toleo moja na ile ya wifi yake. Akazipeleka stoo, akazijaza maji ya moto, akatundika tano. Haikufika dakika ishirini, ya pili kutoka mlangoni ikatoa mlio mdogo kama kijiti kinachovunjwa, mkono ukabaki kwenye ndoano na chupa ikaanguka pamoja na jiwe. Mama Fomu aliruka nyuma. Wakili akaja mbio.

"Nini?"

"Hali imejiripoti," alisema Mama Fomu.

Kabla ya saa kuisha ikaanguka na nyingine. Zile tatu zilizobaki zilikaa kimya, hazijali. Wakili alisimama pale na tai yake, akitazama vioo sakafuni.

"Hizi si za kwetu," alisema. "Lazima ni za kughushi."

Mama Fomu akamgeuzia kitako. Namba, alama ya kampuni, kila kitu.

"Basi zikivuka geti zinapigwa na jua, zinashtuka."

"Mwanangu, wewe umesoma sheria miaka mingapi?"

"Mitano na nusu."

"Na hilo ndilo jibu lako."

Aliuona mchezo ukimzunguka. Kama chupa ni mbovu, kwa nini kwake zote nzima? Kwa bahati? Bahati gani isiyokosea miaka miwili? Kama kuna mtu anambadilishia sampuli, ni nani, na anapata nini? Akawafikiria mmoja mmoja hadi akaona haya, maana alianza kuwashuku watu waliomletea pole alipofiwa na baba yake. Saa nane kasoro akavaa kofia ya kiwandani na kwenda kutazama kwa macho yake kitu ambacho hakuwahi kukitazama: sampuli inavyochukuliwa.

Aliyekuwa akizileta siku zote ni Mzee Glavu. Aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana mikono mitupu. Alianza kazi hapo kabla mashine ya sasa haijafungwa, na kila siku alikuja stoo na trei, chupa tano zimefunikwa kitambaa cheupe, akiziweka mezani taratibu kama anayelaza watoto. Mama Fomu alikuwa akimpenda kwa adabu hiyo.

Alisimama nyuma ya nguzo. Chupa zilikuwa zikishuka kwenye mkanda, mikono imekwisha kubanwa. Mzee Glavu akaiinua moja, akaigonga kwa kifundo, akasikiliza. Akaiinamisha kwenye taa. Akaupinda mkono kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akairudisha mkandani, nayo ikaenda zake kwenye maboksi. Akachukua nyingine. Akairudisha. Ya tatu akaitazama sana, akatabasamu, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye trei. Ilimchukua zaidi ya robo saa kupata tano.

Mama Fomu akatoka nyuma ya nguzo. "Mzee wangu, unafanya nini?"

"Aa, mama! Umetujia leo!" Alifurahi kweli. "Nakuchagulia."

"Unanichagulia?"

"Za kwako. Nilikuwa karibu nilete."

"Na hizi ulizorudisha, zina nini?"

Mzee Glavu akaidaka moja iliyokuwa inapita, akamwonyesha pale mkono unapoungana na mwili wa chupa. Palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. "Huu. Kalibu, lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, likiwa halijapata moto sawasawa, plastiki inakutana lakini haishikani. Inashikana usoni, moyoni hapana. Ukiupinda hivi, unaona panageuka weupe? Huo mkono haudumu."

"Ziko nyingi?"

"Inategemea na siku. Siku za haraka hawangoji kalibu lipate moto. Leo ni nafuu, labda moja kwenye kumi. Zile za hospitali tulizipiga wiki ile ya kukimbizana. Pale zilikuwa tatu kwenye kumi, mama, nyingine nne. Nilihangaika kupata zako, nakwambia. Jioni nilikuwa na kizunguzungu."

Mashine ilikuwa ikipiga, tap, tap, tap, na kila pigo chupa nyingine.

"Kwa nini unanipa nzuri peke yake?"

Sasa aliyechanganyikiwa akawa mzee. Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Si ulisema mwenyewe?"

"Mimi? Nilisema nini?"

"Wiki yako ya kwanza. Yule aliyekuwa akileta kabla yangu alikuletea chupa zina mafuta, moja imepasuka kifuniko. Ukamwambia mbele yetu wote, 'Msiniletee takataka mezani kwangu. Mkiniletea kitu, nileteeni kitu cha heshima.' Yule akakataa kuja tena. Nikasema mimi nitakwenda. Mtu mzima mwenzetu, tena mama wa watu, hawezi kupelekewa kitu chenye ufa. Hata mgeni nyumbani humpi kikombe kilichopasuka mdomo, unakunywea mwenyewe."

Alikumbuka. Alikumbuka mafuta yaliyochafua blauzi yake, na wale watu waliosimama kimya, na jinsi alivyorudi ofisini akijipongeza kwamba leo wamemjua.

"Sasa huu mstari," alisema, sauti imeshuka, "kwa nini hukuniambia?"

"Kwenye fomu yako hakuna pa kuandika mstari. Kuna 'imepita' na 'haijapita'. Na zako zote zilipita."

"Na hizi mbovu, kwa nini huzitupi?"

"Mimi ni wa sampuli. Kutupa kulikuwa na mtu wake. Alistaafu."

"Akaja nani?"

"Hajaja mtu." Mzee akaitazama trei yake, kisha akamtazama yeye, na taratibu uso wake ukaanza kubadilika. "Mama, nimekosea?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. "Hapana, mzee wangu. Nipe hiyo trei."

Alirudi ofisini saa tisa na robo. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata Wakili akaivua miwani.

"Nimejua," alisema. "Sikiliza. Miaka miwili nimekuwa nikipima..."

"Nyamaza."

"Nini?"

"Nyamaza kwanza, mama, nakuomba." Wakili alikuwa amesimama. "Kabla hujasema. Unaniambia kama nani?"

"Kama nani? Kama mtu ninayekaa naye chumba kimoja! Jana tu umekula chakula changu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mimi ni wakili wa kampuni. Si wakili wako. Ukiniambia jambo la kampuni, la kampuni hilo nitalilinda. Lakini ukiniambia jambo lako wewe, kosa lako wewe, sina pa kulificha. Mkurugenzi akiniuliza itabidi niseme. Na kesho wakitaka kukutoa, anayeandika hiyo barua ni mimi."

Mama Fomu akakaa. Miaka miwili walikuwa wakigawana dirisha moja, kalamu moja nyekundu, na malalamiko kuhusu kiyoyozi. Hakuwahi kujiuliza huyu ni wakili wa nani. Alidhani ni wakili tu, kama daktari alivyo daktari kwa kila anayekohoa.

"Kwa hiyo nimwambie nani?"

"Tafuta wakili wako mwenyewe."

"Kabla ya saa kumi?"

Wakili akaketi tena. Akajisugua macho. "Sikia. Naongea kwa mfano tu. Kuna mtu, simjui. Fomu yake inasema: sampuli tano zimepimwa, zimepita. Zimepimwa?"

"Zimepimwa."

"Zimepita?"

"Zimepita."

"Basi mtu huyo akitia sahihi hajadanganya. Kila neno pale ni kweli. Kesho anaanza kuchukua sampuli kwa njia nyingine, kimyakimya, mambo yananyooka, hakuna anayejua. Huyo ni mtu wa mfano. Kwa upande mwingine, akiandika kwamba sampuli zilichaguliwa, vyeti vyote vya miaka miwili vinakuwa karatasi ya kufungia karanga. Na sahihi kwenye vyeti vyote ni ya mtu mmoja."

"Na wagonjwa? Kwenye huo mfano wako wamo?"

Wakili akatazama dirishani. "Kama kampuni haijui, ni ajali. Kama kampuni inajua na ikaachia mzigo, si ajali tena. Ndiyo maana nimekwambia unyamaze. Sitaki kujua kabla sijajua nitafanya nini nikijua."

"Lakini mimi najua."

"Wewe ni kampuni au si kampuni? Hilo ndilo swali, mama. Na sina jibu lake hapa."

Maneno hayo yalimpita kichwani kama treni isiyosimama. Ajue, asijue, aseme, asiseme, kila neno la fomu ni kweli na fomu yote ni uongo. Akiwa kazini yeye ni kampuni, akikosea ni yeye peke yake. Alijaribu kuyapanga, hili hapa, lile pale, kama anavyopanga nguo za kufua, na kila alipomaliza kupanga akakuta soksi moja imebaki haina mwenzake. Alimfikiria bintiye aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Alijifikiria kwa umri wake akipita ofisi moja hadi nyingine na bahasha ya kaki, akiulizwa, kwa nini uliacha kazi? Kisha, bila kutaka, akaiona chupa imeinuliwa juu ya kitanda cha wodini, muuguzi amegeuka kujibu mtu, na mgonjwa chini ambaye hawezi hata kusogea.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mguu mmoja ukaingia.

"Saa kumi kasoro dakika tano," alisema Meneja. "Nimewahi kwa heshima yenu. Sahihi au sababu?"

"Sababu," alisema Mama Fomu.

"Aha! Sasa tunaongea. Lete."

"Mama," alisema Wakili kwa sauti ya chini.

"Kalibu mnaliwahisha. Mkono haushikani. Kwenye mzigo wa hospitali, tatu au nne katika kila kumi zitakatika."

Meneja hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomshtua Mama Fomu. "Sampuli zako zinasemaje?"

"Sampuli zangu zilichaguliwa. Nililetewa nzima tupu."

"Na nani?"

Wakili alikuwa ameishika kalamu yake nyekundu kwa mikono miwili.

"Kwa amri yangu," alisema Mama Fomu. "Mimi niliagiza niletewe nzuri. Sikujua kwamba nimeagiza, lakini niliagiza."

Meneja akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Kumbe mwizi wa kuku ndiye mlinzi wa banda! Sasa mama, nikupe ushauri wa bure. Hiyo sababu usiitoe nje ya chumba hiki. Ukiitoa, mimi nitaambiwa nipunguze kasi. Wewe utaambiwa ufunge virago. Fomu inasema zimepita, na zimepita. Umemdanganya nani?"

Swali lilikuwa zuri. Lilikuwa lilelile la Wakili, limevaa suruali nyingine. Na Mama Fomu hakuwa na jibu lake. Angeulizwa mahakamani angebaki anatoa macho. Sheria ilikuwa upande gani hakujua. Yeye ni nani katika kampuni hii hakujua. Kama Mzee Glavu ana kosa, kama Wakili ni rafiki, kama kesho atakuwa na meza, yote hayo yalikuwa ukungu mtupu. Kitu kimoja tu hakikuwa na ukungu: yale malori yakitoka, mikono itakatika, na hakuna fomu itakayoirudisha.

Akavuta cheti cha kuruhusu mzigo. Palipoandikwa "Zimepita" akapiga mstari. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa, akisema kila neno huku analiandika ili wasije wakasema hawakusikia: "Mzigo huu hauruhusiwi kutoka. Mikono ya chupa ina kasoro. Sampuli zote za miaka miwili zilichaguliwa, hazikuokotwa kwa bahati. Kosa la kuchagua ni langu." Akatia sahihi, akatia tarehe, akagonga mhuri.

"Umeandika 'kasoro'," alisema Wakili.

"Nimeiandika. Na sasa kampuni inajua." Akaipitisha karatasi kwenye mashine ya kunakili, akatoa nne. Moja akaiweka mbele ya Wakili. "Hii ya Mkurugenzi. Mpelekee wewe, ndiyo kazi yako. Na ile barua yangu ukiiandika, iandike kwa Kiswahili kinachoeleweka."

Wakili akaitazama karatasi muda. Kisha akavaa koti, akaichukua, akatoka kuelekea ngazi za juu, na Mama Fomu hakujua kama anakwenda kumtetea au kumzika. Pengine naye hakujua.

Meneja alikuwa ameziba mlango. "Huwezi kuzuia mzigo kwa karatasi, mama."

"Basi nipishe nizuie kwa miguu."

Alimpisha. Alitembea kwa haraka kupita mashine, kupita maboksi, hadi uwanjani. Lori la kwanza lilikuwa limewashwa, dereva anatia gia. Mama Fomu akaenda getini, akampa mlinzi nakala moja. "Funga geti. Mzigo haujaruhusiwa."

Mlinzi akasoma, midomo ikicheza. "Lakini Meneja alisema..."

"Soma mhuri."

Mlinzi akausoma mhuri, akalivuta geti, akatia kufuli. Dereva akazima injini, akatoa kichwa dirishani kuuliza kama leo wanakwenda au wanalala. Mama Fomu alikuwa amekwisha kufika nyuma ya lori, walipokaa wapakiaji wawili wakipumzika, akafungua komeo la mlango kwa mikono yake mwenyewe.

"Teremsheni," alisema.

"Yapi, mama?"

"Yote."

Wakatazamana. Kisha mmoja akapanda, akalikumbatia boksi la kwanza, akamshushia mwenzake, na boksi likatua ardhini.